Feni ya redio inavuma muda wote na pawa inashuka yenyewe, nibadilishe feni?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Tanga, nina transiva ya HF (redio ya kurusha na kupokea, ya masafa ya mbali) ya wati 100, ni used, niliinunua mwaka jana. Nikiwa FT8 (ile ya kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta) kwenye bendi ya mita 10 feni inavuma kama mashine ya kusaga, halafu baada ya kama dakika kumi naona pawa inashuka yenyewe kutoka 100 mpaka 60 na kitu. Jioni watoto wanasoma wanalalamika kelele. Nimeona jamaa wa Uingereza wametoa feni ya kiwandani wakaweka ya kompyuta ile ya kimya, wengine wanaweka resista tu kwenye waya wa feni. Mimi nifanye ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hela ya feni iweke mfukoni kwanza, usinunue kitu. Hiyo feni haina kosa, inavuma kwa sababu imeambiwa ndani kuna joto, na pawa kushuka yenyewe siyo ubovu, hapo redio inajiokoa, kuna sensa karibu na transista za mwisho (zile zinazotoa pawa kwenda antena) ikiona joto limepita kiasi inaiambia saketi punguza. Ukikimbilia feni ya kimya umemnyamazisha mlinzi na mwizi bado yumo ndani.

Tuanze na joto lenyewe linatoka wapi. Transiva nyingi za wati 100 zikirusha pawa yote zinakula kama ampea 20 hivi kwenye volti 13.8, piga hesabu hapo unapata wati 276. Mia moja zimeenda kwenye antena, hizo 176 zilizobaki zimeenda wapi? Zimebaki kwenye boksi. Chukua zile balbu za zamani za wati 60, tatu, zifungie kwenye kiboksi cha ukubwa wa Kamusi, ndo hali ya redio yako ikiwa inarusha.

Kwenye SSB, ile ya kuongea kwa sauti, huoni shida maana sauti ya mtu inapanda na kushuka, unavuta pumzi, unafikiri, wastani unakuwa mdogo. FT8 haina pumzi. Ikianza inarusha pawa ileile bila kushuka kwa sekunde 12.64, inanyamaza inasikiliza zamu ya mwenzako, inarudi tena, kwa hiyo ukiwa unaita CQ (kumwita yeyote anayesikia) mfululizo katika kila sekunde 30 redio inaungua 12.64, yaani asilimia 42 ya muda. Wastani wa joto hapo ni kama wati 74 na haupoi mpaka uache. RTTY (maandishi ya teleprinta kwa redio) na FM ni mbaya zaidi, ule ukibonyeza tu imekula yote mpaka uachie.

Sasa hapa kuna kitu watu wengi hawakijui na mimi mwenyewe nilichelewa kukijua. Ukishusha pawa kutoka wati 100 kwenda 25 utadhani joto limeshuka mara nne. Wapi! Kwenye hizi amplifaya za redio zetu ampea zinashuka pole pole kuliko wati, ukigawa wati kwa nne ampea za transista zinashuka kama nusu tu. Kwa hiyo zile 20 zinakuwa kama 11 (kuna mbili hivi zinazoliwa na redio yenyewe, hizo hazishuki), unaingiza wati 152, unatoa 25, joto ni 127. Kutoka 176 mpaka 127, siyo mara nne, hata nusu haijafika. Ndo maana nakwambia usiangalie mita ya wati peke yake, angalia ampea kwenye pawasaplai, ile ndo inasema ukweli wa joto.

Lakini bado shusha. FT8 kwa wati 25 au 30 utasikika Ulaya vizuri tu mita 10 ikiwa wazi, tofauti ya 100 na 25 ni desibeli 6 na FT8 inasomeka hata ikiwa chini ya kelele. Na punguza kuita CQ dakika ishirini bila kupumua, sikiliza kwanza, ona nani yupo, mwite yeye. Muda wa kurusha ukiwa nusu, joto la kurusha linakuwa nusu, hapo hamna ujanja wa ampea. Yaani kupumzisha kunasaidia kuliko kushusha pawa, ukifanya vyote viwili basi nusu ya kesi imeisha na hujashika bisibisi.

Kingine pima SWR (kipimo cha pawa inayorudishwa na antena) palepale megahezi 28.074 unapofanyia kazi, siyo katikati ya bendi. Antena ikiwa mbaya transista zinafanya kazi kwenye mzigo ambao siyo wake, zinaweza kuchemka zaidi hata kama pawa inayotoka ni ndogo. Halafu pima volti kwenye plagi ya redio wakati inarusha. Kama pawasaplai inasema 13.8 na kwenye redio unaona 12 kasoro, waya wako mwembamba au fyuzi imeota kutu, shika vishikizo vya fyuzi kwa mkono baada ya dakika tano za kurusha (umezima lakini), kama vina moto umeshampata mmoja.

Haya, twende kwa hao jamaa wa Uingereza. Siwasemi vibaya, walichofanya ni sahihi kwao. Tatizo joto la redio halianzi sifuri, linapanda juu ya joto la chumba. Chukua hitisinki yako (lile bati lenye mapezi linalotoa joto la transista) inapanda nyuzi 25 juu ya chumba. Mwenzako yuko kwenye chumba cha nyuzi 20, hitisinki yake ni 45, unaishika na mkono unauacha hapo. Wewe uko Tanga Februari, chumba kina 33 na dirisha limefungwa sababu ya mbu, hitisinki ni 58, mkono hukai. Feni ni ileile, pawa ni ileile, ila yeye bado ana nafasi ya kutoa feni kubwa akaweka ya kimya na wewe nafasi hiyo hamna. Kwa hiyo kila ukisoma mtu kasema "mi nimebadilisha na inafanya kazi poa", muulize kwanza chumba chake kina nyuzi ngapi. Hata wenzetu wa Nairobi wasikuige wewe wala wewe usiwaige wao, kule kuna ubaridi lakini wako mita 1,700 na kitu juu ya bahari, hewa ni nyepesi, feni ikizunguka kwa kasi ileile inabeba joto pungufu.

Sasa fanya uchunguzi wa mkono kabla ya kununua chochote. Rusha mpaka pawa ianze kushuka, acha kurusha, gusa hitisinki kwa tahadhari. Kama ni ya moto na feni inavuma kweli kweli, basi ama hewa haipiti ama ampea ni nyingi kuliko inavyotakiwa. Kama ni ya moto na feni haizunguki au inazunguka kwa kujivuta, feni imekufa au ile transista inayoiwasha. Lakini kama redio inalia joto na hitisinki ni ya vuguvugu tu, hapo usihangaike na feni kabisa, joto halifiki kwenye bati, pesti ya kupitisha joto chini ya transista imekauka au skrubu imelegea, au sensa inadanganya. Hiyo ya mwisho mpelekee fundi, siyo kazi ya kujifunzia, na kwenye redio za zamani baadhi ya hizo transista zina kauri nyeupe yenye beriliamu ndani, ikivunjika au ukiikwangua vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Kwa maelezo yako na kwa kuwa uko Tanga, mi naweka kura yangu kwenye uchafu. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inavuta unyevu, vumbi likija linaganda kwenye mapezi ya hitisinki linakuwa ukoko. Redio ya used usiulize, nimewahi kufungua moja ikiwa na mabawa ya kumbikumbi, nyuzi za zulia na mjusi aliyekauka. Chomoa umeme, fungua, tumia brashi kavu ya rangi ile ndogo, halafu blowa. Ukipuliza SHIKA mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, ukiyaacha yazunguke kwa hewa ya kompresa unaua beringi, na feni inayozungushwa inazalisha umeme unaorudi kwenye saketi.

Na imekaa wapi hiyo redio? Kama imesukumwa ukutani au iko kwenye kabati la TV, isogeze, acha walau sentimita 10 nyuma, juu kuwe wazi. Juu kuwe wazi namaanisha na kile kitambaa cha kufuma kitoke. Usicheke, nimekikuta kwenye nyumba mbili, mama kaona kitu kizuri mezani hakijavikwa akakivika.

Ukishafanya hayo yote na bado kelele inakukera, sasa tuongee feni. Uchaguzi wa feni siyo "inchi ngapi na volti 12" tu. Kuna hesabu ya kiganjani, chukua wati za joto zidisha kwa 3, gawa kwa nyuzi unazokubali hewa ipande, unapata mita za ujazo kwa saa. Kwako wati 74, tuseme hewa ipande nyuzi 10, unahitaji kama mita za ujazo 22 kwa saa zinazopita KWELI kwenye mapezi, na namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni imepimwa ikiwa hewani bila kizuizi, ukiiweka kwenye redio inashuka sana, kwa hiyo tafuta yenye mara mbili ya hiyo. Zile za kimya za kompyuta nyingi zimepata ukimya kwa kuzunguka pole pole, na feni ikizunguka pole pole kinachokufa kwanza ni msukumo, kasi ikiwa nusu msukumo unabaki robo. Kwenye kesi ya kompyuta iliyo wazi haijalishi, kwenye mapezi yaliyobanana hewa inagonga inarudi.

Resista nayo ntakupa kisa changu. Nilikuwa na redio kama yako, nikaweka resista ya ohm 100 kwenye waya wa feni, nikafurahi wiki nzima, kimya kabisa. Kimya kwa sababu feni ilikuwa haizunguki! Siku ya kwanza ilianza vizuri, beringi zilivyochoka kidogo volti zikawa hazitoshi kuisukuma ianze, nimekuja kugundua kwa harufu. Feni ya volti 12 inaweza kuendelea kuzunguka kwenye volti 5 lakini kuanza ikiwa imesimama ni habari nyingine.

Mimi siku hizi nafanya hivi. Feni ya ndani ya kiwandani siigusi kabisa, naiacha na akili yake. Naongeza ya nje, kubwa, ya milimita 120, naifunga nyuma ya redio kwenye kipande cha bati au mbao, hewa ikielekea upande uleule wa feni ya ndani, angalia hili usije ukaziweka zinapigana, kwa kawaida hewa inatokea upande wenye stika na vile vimkono vinavyoshika mota. Kubwa ikizunguka taratibu inashinda ndogo inayokimbia, maana ukipunguza kasi nusu hewa inapungua nusu lakini kelele inashuka kama desibeli 15. Umeme natoa kwenye 13.8 ileile kupitia fyuzi ndogo ya ampea moja. Kwenye waya mwekundu naweka resista, kwa feni ya ampea 0.15 tumia ohm 56 ya wati 2, unapata kama volti 8 hivi. Halafu sambamba na resista hiyo, ncha kwa ncha, naunga swichi ya joto ya bati mbili, ile inayofunga ikifika nyuzi 45, mara nyingi naona inaandikwa KSD, chukua ambayo kawaida iko wazi siyo iliyofunga, naibana kwenye hitisinki kwa skrubu ya nje iliyopo na pesti kidogo. Hitisinki ikifika 45 swichi inairuka resista, feni inapata volti zote, na kama ilikuwa imegoma kuanza hapo itaanza. Kwa Tanga mchana labda uchukue ya 50, maana ya 45 itakuwa imefunga muda wote na kelele imerudi.

Vile vibodi vya bei rahisi vinavyorekebisha kasi ya feni kwa joto, vizuri kwa kompyuta, ila vingi vinakatakata umeme kwa kasi na utakuja kuusikia kwenye redio kama mchakacho, hasa mita 40 na 80. Hata feni yenyewe inaweza kutoa kelele ya namna hiyo, ukishaiunga chomoa na chomeka huku unasikiliza, kama kuna tofauti weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye nyaya zake mbili na zizungushe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti. Waya wa njano, kama upo, ni wa kusoma kasi, ufunge teipu uuache.

Na hiyo sensa usije ukaigusa. Kuna mtu atakushauri uunge resista ya kudumu mahali pake ili redio isishushe pawa. Itarusha wati 100 bila kulalamika, mpaka siku transista zinapasuka, na jozi yake unajua bei.

Ukimaliza kurusha jioni usizime hapohapo, iache inasikiliza dakika tano feni itoe joto lililobaki. Anza na brashi na wati 25 wiki hii, niandikie chumba kilikuwa nyuzi ngapi, ampea ngapi ikiwa inarusha, na SWR ya 28.074, tuone kama hiyo feni ya nje hata inahitajika.