Dhamana ya "copper-bottomed" ni dhamana ya namna gani?

Swali: Ninafasiri taarifa ya benki kutoka Kiingereza, na humo dhamana moja imeelezwa kuwa ni "copper-bottomed". Je, maana yake ni kwamba shaba imewekwa rehani?

Jibu: La, hakuna shaba iliyowekwa rehani. Kivumishi hicho huisifu dhamana kuwa ni madhubuti na isiyotiliwa shaka, na asili yake ni merikebu.

Merikebu za mbao zilizosafiri katika bahari za joto zilitobolewa na kiumbe cha baharini mwenye umbo la mnyoo, huku mwani na makombe yakiganda chini ya chombo na kukipunguzia mwendo. Mwaka 1761 Jeshi la Majini la Uingereza liliivika manowari HMS Alarm mabati membamba ya shaba katika sehemu yake inayozama majini, kisha likaipeleka Karibi. Iliporudi, mbao zilikuwa salama, kwa kuwa shaba huyeyuka kidogo kidogo na kuwa sumu kwa viumbe hao. Lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya, kama inavyotokea metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi. Pale tu ambapo karatasi iliyofungiwa mabati haikubanduliwa, ikabaki katikati, chuma kilisalimika. Tatizo hilo lilitatuliwa katika miaka ya 1780 kwa kutumia misumari ya aloi ya shaba.

Shaba ilikuwa ghali, hivyo chombo kilichovikwa kilikuwa chombo cha kuaminika, na katika karne ya 19 sifa hiyo ikahamia kwenye ahadi na mali.

Kisarufi, kiambishi "-ed" hapa kimepachikwa kwenye nomino, wala si alama ya wakati uliopita; kinafanya kazi ya "-enye", yaani "yenye kitako cha shaba". Katika matangazo ya sufuria maana hubaki hiyo hiyo ya wazi. Matumizi ya kitamathali ni ya Waingereza zaidi kuliko Wamarekani.

Kwa taarifa yako, ningeandika "dhamana madhubuti". Jihadhari usiandike "dhamana isiyobatilika", ijapokuwa inavutia, kwa sababu hilo ni istilahi ya kisheria lenye masharti yake, ilhali "copper-bottomed" ni sifa tu ya mwandishi, na mwanasheria wa benki hatakubali sifa igeuzwe sharti.