Shangazi, mawifi wananipeleka Zermatt na skii sijawahi kuvaa

Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi kutoka Mombasa, nimeolewa hapa Zürich, mwaka wa pili sasa. Mawifi zangu wametualika Zermatt, mji wa milimani hapa Uswisi, mwezi ujao, Ijumaa hadi Jumapili, kuteleza kwenye theluji kwa skii, vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni. Kila mtu anajilipia, na gharama yenyewe inakaribia fedha ninazomtumia mama kwa miezi mitatu. Kwa kuogopa aibu, niliwaambia kwamba niliwahi kuteleza kidogo. Mume wangu anajua ukweli huo, naye anasema atanifundisha mwenyewe. Nafikiria kusingizia ugonjwa. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Ugonjwa wa kusingizia usiutafute, kwa kuwa mawifi hao watakualika tena mwakani, nawe utalazimika kuugua upya. Linalonitia wasiwasi zaidi ni lile neno dogo ulilowaambia, na ningependa ulitengue kabla ya safari. Kwenye duka la kukodisha vifaa utaulizwa umri, uzito, urefu na uzoefu wako, kwa sababu vifungo vinavyoshika buti kwenye skii hukazwa kulingana na majibu hayo, ili ukianguka viuachie mguu kabla goti halijapindwa. Ukijipa uzoefu usio nao kwa sababu tu wifi amesimama kando yako akisikiliza, vifungo vitakazwa kupita kiasi, na atakayeumia ni wewe.

Mume wako mshukuru, kisha umkatalie kwa upole. Mtu aliyejifunza utotoni amekwisha kusahau alivyojifunza, na mara nyingi humpandisha mwenzake kwenye mteremko usiomfaa. Jiandikishe katika darasa la wanaoanza. Zermatt wana uwanja wa wanafunzi pale Sunnegga, mita 2,288 juu ya usawa wa bahari, na treni inayopita ndani ya mlima hukufikisha huko kwa dakika chache. Mwalimu ataanza kwa kukufundisha kusimama: ncha za skii zikaribiane, visigino viachane, nawe uinamie mbele hadi muundi uguse ulimi wa buti. Mwili utataka kurudi nyuma kwa hofu, na ukiufuata utaanguka. Vaa jozi moja tu ya soksi nyembamba za sufi. Mimi siku yangu ya kwanza nilivaa jozi mbili nikidhani najikinga na baridi, nikashinda na malengelenge na vidole vilivyokufa ganzi. Wanaokuja kwa kasi nyuma yako wasikutishe sana, kwani kanuni za FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinamtaka aliye nyuma achague njia isiyomhatarisha aliye mbele.

Sasa fedha, na hapa naomba unisikilize vizuri. Za mama usiziguse. Kodi vifaa, usinunue. Tiketi inayokuruhusu kuvuka hadi upande wa Italia haikuhusu, kwa hiyo uliza dirishani ile ya wanaoanza. Malazi tafuteni Täsch, kijiji ambako magari yote ya wageni huishia, maana vyumba vya huko kwa kawaida ni nafuu kuliko vya Zermatt kwenyewe, na treni hupanda kila mara. Bima nayo usiilipie mara mbili bila kuuliza: kwa kuwa umeajiriwa, ukifanya kazi angalau saa 8 kwa wiki kwa mwajiri mmoja, bima ya lazima ya ajali inakuhudumia hata nje ya kazi.

Hata ukipunguza yote hayo, huenda bado ikakushinda, na hilo si kosa lako. Zungumza na mume wako usiku wa leo, kabla hajalipia chumba, umtajie kiasi unachoweza kutoa na kiasi unachomtumia mama, kisha yeye, kwa kuwa ni dada zake, ndiye awapigie simu na kuwaambia kwamba mkewe anakuja kujifunza tangu mwanzo, au kwamba mwaka huu mtakwenda siku moja tu.

Shangazi