Maswali yenu: Kumuua mnyama mdogo bila kumtesa

Naona kwenye simu video za wazungu wanaowinda sungura na mwewe. Ndege anaanza kunyofoa manyoya, sungura bado analia, na mwenye mwewe anakuja mbio. Anamalizaje ile kazi? Na ile mbinu yake naweza kuitumia kwa sungura wangu wa nyumbani? – Kijana mfugaji, Kadutu, Bukavu

Kaka, inategemea ni ndege gani. Kozi ana jino dogo kwenye ukingo wa mdomo wa juu. Akishakamata, anauma shingo na kuachanisha pingili, basi windo limekwisha. Mwewe wa Harris, wa asili ya Amerika, ambaye wawindaji wengi wa Uingereza wanamtumia, hana jino hilo. Silaha yake ni kucha. Zikiingia kichwani au kifuani, sungura hakawii kufa. Zikishika kiuno au paja, mwewe anaanza kula windo likiwa bado linapumua, kwa sababu kwake yeye kazi imekwisha. Ndiyo maana mwenyewe anakuja mbio.

Lakini mbio hizo zinaishia mbali kidogo. Hatua za mwisho anatembea, anachutama, anakuja upande ambao ndege anamwona. Akimtokea kwa juu ghafla, mwewe anatandaza mabawa kulifunika windo, au anabeba na kuondoka, au mguu mmoja unahamia kwenye mkono wa bwana wake.

Kitu cha kwanza anachoshika ni miguu ya nyuma ya sungura, siyo kichwa. Teke la sungura linaweza kuvunja manyoya ya mkia wa ndege, na mwewe mwenye mkia uliovunjika haruki vizuri. Miguu ikishanyooshwa, anatafuta kwa macho mahali kila kucha ilipo. Kisha kiganja cha mkono wa pili kinapita nyuma ya masikio, kidole gumba chini ya kidevu. Anavuta kwa kunyoosha na papo hapo anakipinda kichwa kuelekea mgongoni. Ni tendo moja. Akipapasa nyuma ya fuvu anakuta pengo pale ambapo pingili ya kwanza imeachana na kichwa. Asipolikuta, hajaua.

Habandui vidole vya mwewe hata kidogo. Mishipa ya vidole vya ndege hawa ina namna ya kujifunga, na ukivivuta vinazidi kubana. Anaonyesha kipande cha nyama kwenye glavu ya ngozi, ndege anapanda mwenyewe kula, na windo linaingia mfukoni bila yeye kuona kwamba ameibiwa.

Kuhusu sungura wako: ile mbinu ya shingo isome kwanza katika jibu linalofuata.

Sungura zangu wanafika kilo tatu. Mtoto anawachinja kama kuku, na kila mara mnyama analia mpaka majirani wa parsele wanatoka. Tunakosea wapi? – Mama wa Bagira

Mama, sungura analia akiwa na hofu kubwa au maumivu. Akilia, kuna kitu kimeenda vibaya kabla hajafa. Mara nyingi ni mkono unaositasita, au kisu butu.

Sungura wa mwituni wa Ulaya ana kilo moja na nusu hivi, na mwindaji ameizoea ile shingo. Wa kwako ana uzito mara mbili, na shingo yake ina nyama ngumu. Madaktari wa mifugo wanashauri kuvunja shingo kwa mkono kwa sungura wasiozidi kilo moja tu. Zaidi ya hapo, mzimishe kwanza kwa pigo, halafu mtoe damu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo ondoa chakula, maji yabaki. Tafuta mti mgumu wa sentimita 40 hivi, mzito kama mpini wa marto (nyundo), wala usitumie tawi jepesi la kuni. Mpeleke mnyama mahali ambapo wenzake hawamwoni, ukimbeba kwa kumshikilia chini ya kifua na matako. Usimbebe kwa masikio. Kisha mshike miguu ya nyuma, kichwa kikining'inia, na usubiri. Atajipinda kidogo halafu atatulia. Hapo ndipo unapiga, nyuma ya masikio, mahali fuvu linapokutana na shingo, pigo moja la nguvu zote. Pigo linalokwenda mabegani linaumiza bila kuzimisha, na la puani ni baya zaidi. Pigo la huruma, lile la nusu nguvu, ndilo linalotesa kuliko yote. Akiinua kichwa au akitoa sauti, piga tena papo hapo. Sababu utaitafuta baadaye.

Kisu kiwe mkononi tayari. Ndani ya sekunde kumi kata mishipa mikubwa ya pande zote mbili za shingo na umwache amening'inia. Miguu itarusha mateke kwa muda. Hayo ni mambo ya neva, yasikutishe. Angalia jicho: ukiligusa kwa ncha ya kidole na halipepesi, na mbavu hazipandi wala kushuka, amekufa. Hapo tu ndipo uanze kuchuna.

Na mtoto asifanye peke yake mpaka ameona mara kadhaa. Hata Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya 2009, unamkataza mtu mmoja kuzimisha kwa pigo la kichwa wanyama zaidi ya 70 kwa siku. Mkono unachoka, na mkono uliochoka unakosea.

Je, kobaye naye? – Msomaji, Walungu

Kobaye (simbilisi) usimvute shingo. Ni fupi, nene, na vidole havipati pa kushika, utamtesa bure. Tumia pigo lilelile nyuma ya kichwa, kisha kisu. Ukitaka kumnyonyoa kwa maji, yawe yanatoa mvuke tu. Yakichemka ngozi inaiva na kuchanika.

Sisi ni Waislamu. Hilo pigo linakubalika kwetu? – Papa wa Ibanda

Papa, neno la mwisho ni la shehe wako. Lakini aya ya 3 ya sura ya tano inamtaja kwa jina mnyama aliyekufa kwa kupigwa kuwa ni haramu, isipokuwa mkiwahi kumchinja. Kwa hiyo sungura wenu achinjwe bila pigo: mtu mmoja anamshikilia amelala ubavu, mwingine anakata kwa kisu chembamba kilichonolewa asubuhi ileile, ubapa wake mrefu walau mara mbili ya upana wa shingo, bila kukereza. Kuhusu mwewe, aya ya 4 inaruhusu windo la mnyama aliyefundishwa, jina la Mungu likitajwa. Likifikiwa likiwa hai, linachinjwa. Kule kuvunja shingo hakutoshi.

Ini lilikuwa na madoa meupe. Tumetupa sungura mzima. – Msomaji, Panzi

Pole. Madoa hayo kwa kawaida ni koksidia ya ini, ugonjwa wa vijidudu vinavyoenea kwa mavi. Ilitosha kutupa ini. Nyama ya mnyama aliyekuwa mnene na mchangamfu inaliwa ikipikwa vizuri. Sasa shughulikia waliobaki: sakafu ya kizimba iwe ya waya ili mavi yaanguke chini, na majani yawekwe kwenye hori, yasilale sakafuni.