Kabla ya Kukubali Mguu Ukatwe, Uliza Damu Inafika Wapi

Yapo maumivu ya mguu yenye utaratibu wake. Mzee anatoka nyumbani Isevya akiwa mzima, anakwenda sokoni. Njiani kigimbi kinaanza kukaza na kuuma hadi anasimama chini ya mwembe. Dakika chache tu maumivu yanaisha, anaendelea, na baada ya umbali uleule yanarudi. Ukiona hivyo usiseme ni uzee, wala usikubali haraka kuambiwa ni baridi yabisi. Huo ni msuli unaodai damu, na damu haifiki kwa sababu ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, imeanza kuziba.

Baba yangu alilima tumbaku Urambo kwa miaka mingi, na aliivuta pia. Kisukari kilimpata ukubwani. Zao hilo limetusomesha wengi hapa Tabora, mimi nikiwemo, na siwezi kulitukana. Lakini kuvuta tumbaku ni miongoni mwa visababishi vikubwa kabisa vya ugonjwa huu, pamoja na kisukari, presha na mafuta mengi kwenye damu. Kituo cha kwanza kilitupa vidonge vya maumivu. Majirani walileta mafuta ya kuchulia. Shangazi alisema kakanyaga dawa ya watu. Muda wote huo ugonjwa ulikuwa unasonga mbele: baba akawa halali usiku, anapata nafuu mpaka auning'inize mguu nje ya kitanda. Kisha kidole gumba kikatoka kidonda kisichopona, kikaanza kuwa cheusi.

Ndipo tukaambiwa mguu ukatwe chini ya goti.

Kuna wakati kukata ndiko kunakookoa maisha, na sitaki mtu asome hapa akamfiche mgonjwa nyumbani. Ninachosihi ni kwamba kabla ya kusaini, uliza: daktari, damu inafika wapi kwenye mguu huu, na je, inaweza kupelekwa? Omba wapapase mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Kipo kipimo rahisi cha kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ukigawa ya kifundo kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.9 mishipa ina shida. Kwa mwenye kisukari mishipa huwa migumu na jibu linaweza kuonekana zuri kumbe sivyo, kwa hiyo dai pia ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha damu inavyopita mishipani. Sisi swali hilo ndilo lililotupatia rufaa ya Dar es Salaam. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pamoja na jina lake, hushughulikia pia mishipa ya damu.

Baba aliogopa kuwa anakwenda kufanyiwa majaribio. Daktari alimweleza kwa upole kwamba upasuaji huu wa kupitisha damu kando ya sehemu iliyoziba ulifanywa Paris na daktari Jean Kunlin mwaka 1948, na tangu hapo umekuwa kazi ya kawaida. Ni barabara ya mchepuko: huchukuliwa vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, ya mguuni mwa mgonjwa mwenyewe, ikaunganishwa kuanzia kinenani hadi chini ya sehemu iliyoziba. Kwa kuwa vena ina milango inayoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, hugeuzwa juu chini, au milango hiyo huharibiwa. Vena ikikosekana hutumika mrija wa kutengenezwa, ila chini ya goti vena hudumu zaidi. Kidole cha baba kilikatwa. Mguu ukabaki.

Jiandaeni kwa ndugu wa kuchangia damu na kwa malazi ya anayemuuguza. Kovu ni refu, na mguu huvimba kwa wiki kadhaa hata zaidi, tulishtuka bure.

Kama mzee wako anaumwa akitembea tu na hana kidonda, huenda hatahitaji kisu kabisa. Aache sigara na ugoro. Atembee mpaka maumivu yamzidi, apumzike, aendelee, kwa nusu saa hadi dakika 45, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Wengi hufika mbali zaidi kwa njia hiyo, pamoja na aspirini na dawa za kushusha mafuta atakazoandikiwa na daktari. Nyayo zikaguliwe kila jioni. Na tafadhali, msimkande kwa maji ya moto wala kumsogeza jikoni kwenye mkaa: mguu usio na damu ya kutosha huungua upesi, na mwenye kisukari anaweza asihisi.

Hata aliyekwisha kupasuliwa arudi kliniki kupimwa, maana mshipa mpya nao huziba, hasa akirudia kuvuta. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukauma au kufa ganzi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.