Kujichapishia kitabu cha imani wakati huna cheo chochote kanisani

Watu wanaotaka kuandika vitabu vya Kikristo wakinitafuta, swali la kwanza huwa sio pesa wala mchapaji, wanauliza mimi nani hata niandike habari za Mungu? Nalijua vizuri hilo swali. Nilikaa nalo muda mrefu tu, muswada umeshaisha uko kwenye kompyuta, ila kila nikimfikiria mtu wa kanisani anaufungua na kuanza kunikosoa nafunga faili naenda kufanya mambo mengine. Sina cheo, sijasoma chuo cha Biblia, na vitabu vya imani nilivyokuwa navyo karibu vyote vimeandikwa na wachungaji na maaskofu, picha zao ziko pale pale kwenye kava.

Kilichonifungua ni mistari minne ya mwanzo ya Injili ya Luka. Isome taratibu. Luka hasemi alitokewa na malaika akaambiwa andika, anasema watu wengi wameshatia mkono kuandika habari hizi, walioziona kwa macho yao ndio waliotusimulia, na yeye akaona vema aandike kwa utaratibu baada ya kufuatilia mambo yote kwa usahihi tangu mwanzo. Yani hakuwa mmoja wa wale mitume kumi na wawili, wenzake wameshamtangulia kuandika, na bado akaandika! Alichokuwa nacho mkononi ni kazi aliyoifanya, kuuliza, kufuatilia, kupanga. Nilipoelewa hivyo nikaacha kuomba nisiogope, nikaanza kuomba bidii ya kuhakikisha ninachoandika, na hofu ikawa inapungua kadiri ninavyohakikisha. Ndio msimamo wangu mpaka leo, ujasiri wa mwandishi wa Kikristo unakuja kwa uangalifu wake, na cheo hakiwezi kukuletea huo uangalifu kama hutaki kufanya kazi.

Sasa kuhakikisha ni nini. Kila andiko ulilonukuu fungua Biblia ulisome tena pamoja na mistari ya juu na ya chini yake, na hasa yale unayoyajua tangu utotoni maana hayo ndiyo hatuyaangaliagi. Mfano mzuri ni ile "jisaidie nami nitakusaidia", watu wanaihubiri kabisa, haipo popote kwenye Biblia. Au mtu anaandika kwamba fedha ni shina la mabaya, wakati 1 Timotheo 6:10 inasema kupenda fedha, na hilo neno moja linabadilisha sura nzima ya kitabu kama unaandika kuhusu uchumi wa mkristo. Msomaji anayelijua Neno akikuta kosa la hivyo kurasa za mwanzo, zilizobaki anazisoma kwa mashaka, hata ungeandika vizuri namna gani.

Halafu taja umetumia tafsiri gani. Angalia kurasa za mbele za Biblia yako, mara nyingi utakuta mwenye haki miliki ameandikwa pale, na tafsiri nyingi za kisasa zina kiwango cha mistari unayoruhusiwa kunukuu bila kuomba ruhusa, ukizidisha unawaandikia. Wapendwa wengi hawalipendi hili, wanasema Neno la Mungu ni la wote. Neno ni la wote kweli, ila tafsiri ni jasho la watu waliokaa miaka wakiifanya, waheshimu.

Na shuhuda. Kama unasimulia ndoa ya dada fulani iliyopona, au kijana aliyetoka kwenye pombe, mpelekee aisome sehemu yake kabla haijaenda kwa mchapaji, hata kama jina umebadilisha, kwa sababu watu wa ushirika wenu watamjua kwa mambo mengine. Akikataa, itoe, usimbembeleze. Kuna ushuhuda mmoja niliupenda sana nikautoa kwa sababu hiyo na kitabu hakikupungukiwa kitu.

Kwa wasomaji wa awali, yani wa kuusoma muswada kabla haujachapwa, mimi natafuta watu wa namna tatu, mmoja anayelijua Neno kwa kina (mchungaji wako anafaa, na ukimpa mapema hata kukutangazia baadaye anakuwa huru), mwingine anayeijua lugha, wa tatu asiye mwenda kanisani kabisa. Huyu wa tatu usimruke. Ndiye atakayekuuliza "upako" maana yake nini hapa, au "kuvunja madhabahu" ni kuvunja nini, na utagundua umejaza ukurasa mzima wa maneno ambayo sisi tukiyasikia tunaitikia amina tu bila kufikiria. Ukishamaliza na hao tafuta mhariri umlipe. Ndugu yako mwalimu anaweza kukusaidia sawa, lakini mtu wa kulipwa anafika mpaka ukurasa wa mwisho.

Upande wa uchapaji nitasema yale yanayowachanganya watu. ISBN ni ile namba ya kukitambulisha kitabu, ina tarakimu 13 (zamani zilikuwa 10, zikabadilika 2007), na kila aina ya kitabu inataka yake, kwahiyo ya karatasi usiitumie kwenye kile cha kielektroniki. Kama unataka nakala chache muombe mchapaji akupe bei ya dijitali (inayochapwa moja kwa moja kutoka kwenye faili), kama unataka nyingi muulize ya ofseti, sababu ofseti gharama kubwa iko kwenye kuandaa mashine na pleti (yale mabamba ya kuchapia), kwahiyo kadiri nakala zinavyokuwa nyingi ndivyo kila moja inavyoshuka bei. Ila usichukue nyingi eti kwa kuwa bei imeshuka! Chukua unazoweza kuuza, kitabu cha imani kikirundikana chini ya kitanda kinakukatisha tamaa kila ukikiona.

Ukitaka kwenda Amazon, lile duka la mtandaoni, huduma yao ya kujichapishia vitabu inayoitwa KDP haikutozi pesa ya kuanza, wanachapa nakala mtu akiagiza na wanakata chao kwenye mauzo. Angalia kwanza orodha ya lugha wanazokubali, maana hawachukui lugha zote, na jua kwamba ISBN ya bure wanayokupa haitumiki nje ya kwao.

Kava sasa. Mbuni wa kava akikuambia amemaliza wakati kurasa za ndani bado zinapangwa, hajamaliza, amekufanyia la mbele tu. Upana wa mgongo wa kitabu unategemea idadi ya kurasa na unene wa karatasi, kurasa zikiongezeka mgongo unanenepa, na jina lako pale mgongoni linahama linaangukia kwenye kona ya kava. Mpe idadi ya mwisho ya kurasa, mpe aina ya karatasi, picha ziwe na ubora wa 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi), halafu kabla mzigo wote haujachapwa dai nakala moja ya majaribio uishike mkononi. Mimi hiyo nakala naisoma kwa sauti nikiwa na kalamu nyekundu, sauti inakamata maneno yaliyojirudia ambayo macho yameshayazoea.

Kuwa makini na wanaojiita wachapishaji halafu wanakutaka ulipe kila kitu wewe. Wengine wanaanza na maombi kabisa kwenye simu. Omba mkataba usome, uliza haki za kitabu zinabaki kwa nani, uliza kama watakukabidhi faili la kava na la kurasa za ndani. Wakikwepa hilo swali, ondoka.

Kuhusu kuuza, naona watu wanaona haya, eti habari za Mungu haziuzwi. Yesu mwenyewe kwenye Luka 10:7 anasema mtenda kazi amestahili ujira wake, na mhariri umemlipa, mchapaji umemlipa, sasa bei ya kitabu kwanini iombewe radhi? Weka bei inayorudisha gharama na kukuwezesha kuchapa tena, itaje bila kujieleza, na nakala za kutoa bure zipange mapema ziwe na idadi yake.

Wakosoaji watakuja tu. Kwenye Yeremia 36 mfalme Yehoyakimu alisomewa gombo ambalo Baruku, karani, aliliandika kwa kinywa cha nabii Yeremia, kila zikisomwa safu tatu nne anazikata kwa kisu anatupa kwenye moto wa makaa mpaka gombo lote likaisha. Yeremia akachukua gombo lingine, Baruku akaandika upya yote, na sura inamalizia kwa kusema yaliongezwa maneno mengine mengi kama hayo. Napenda sana hapo kwenye kuongezwa. Lakini mkosoaji sio lazima awe Yehoyakimu, mtu akikuonyesha andiko ulilolitumia vibaya huyo amekusaidia, mshukuru. Tenga nakala moja ya kitabu chako, kila kosa linaloletwa liandike humo pembeni ya mstari wake, na siku unarudi kwa mchapaji kwa toleo la pili unaenda nayo.