Jibu: Mirehani kugeuka njano ndani ya kitalu nyumba

Ndugu, umeuliza kwa nini mirehani inageuka njano ilhali unaimwagilia kila jioni. Hiyo jioni ndiyo shida. Geuza jani: ukikuta vumbi la kijivu upande wa chini, huo ni ukungu, na unapenda majani yanayolala na maji. Ng'oa miche iliyougua, ichome. Mwagilia asubuhi, shinani tu. Acha sentimita 30 kati ya mche na mche, na kunja nailoni za pembeni kukipambazuka, hewa ipite. Mimi nilishapoteza tuta zima kwa kubananisha miche, tamaa tu! Kama humo una mnanaa pia, uupande kwenye ndoo iliyotobolewa, la sivyo utavamia matuta yote. Na rozimari, kile kiungo cha majani yenye harufu, itoe nje ya kitalu kabisa. Inataka jua na udongo usiotuamisha maji.