Chaja ya betri ya mota ya boti: iangalie betri, mota iache

Mkuu, umesema una boti ndogo ya faiba, mota ya umeme ya 12V yenye msukumo wa pauni 55 na betri moja ya maji ya 100Ah (Ah ni ampea mara saa, yaani ukubwa wa betri), na muuzaji kakwambia mota hiyo inataka chaja ya 50A. Usinunue. Mota ndiyo inayokula karibu 50A ukiifungulia yote. Chaja haijuani na mota, inajuana na betri tu.

Betri ya risasi (yenye pleti za madini ya risasi na asidi), iwe ya maji au kavu, inapenda chaja ya asilimia 10 mpaka 20 ya ukubwa wake. Kwa yako ni 10A hadi 20A. Ukiisukumia 50A itapata joto, itakauka maji na pleti zinaweza kupinda. Mimi navua kwa ndoano huku Igombe, Mwanza, na betri kama yako naichaji kwa 15A. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo jioni unarudisha kama 50Ah. Kwa 10A hizo ni saa tano, lakini za kwenye karatasi. Ikishajaa asilimia 80 hivi betri yenyewe inaanza kuukataa umeme, na kile kipande cha mwisho kinakula saa kadhaa hata uwe na chaja kubwa namna gani. Ukichomeka saa moja jioni, 10A na 20A zote zitakuwa zimemaliza alfajiri. Tofauti utaiona kwenye bei.

Ampea za kwenye boksi nazo usizimeze hivihivi. 15A mara 14.4V ni wati 216 zinazotoka, kwa hiyo ukutani lazima ivute zaidi ya hapo. Geuza chaja usome nyuma. Ukikuta mbele imeandikwa 20A na nyuma 120W, rudisha kwenye shelfu.

Sasa kubwa kuliko yote, na hili wauzaji hawaligusi: umeme wenyewe. Zile chaja za bodi la chuma zilizojaa mialoni (kwenye fukwe za wavuvi), nzito, zenye kishale cha ampea, ndani ni transfoma na dayodi basi. Zinachotoa kinafuata kinachoingia. Niliwahi kuweka mita kwenye betri ya jirani yangu hapa mwaloni. Saa mbili usiku, kila nyumba imewasha vitu na umeme umelegea, ilisoma 13.2V, kwa volti hiyo betri haijai hata ukeshe nayo. Saa tisa, watu wamelala na umeme umepanda, ilikuwa imefika 15.7V, vifuniko vina unyevu, ndani inatokota kama maharage na harufu ya asidi inakukaba koo. Asubuhi maji yalikuwa chini ya pleti. Chaja hiyo si mbovu, ndivyo ilivyoundwa. Inataka mtu wa kukaa nayo, na huyo mtu usiku hayupo.

Kwa hiyo chukua ya kielektroniki, nyepesi, iliyoandikwa kuwa inapokea 100 hadi 240V, na yenye hatua tatu. Kwanza inajaza kwa nguvu mpaka 14.4V au zaidi kidogo (betri ya maji huvumilia mpaka 14.8V). Halafu inashikilia hapo huku ampea zikishuka zenyewe. Mwisho inateremka mpaka kama 13.5V na kuilea betri bila kuichemsha.

Hiyo ya kulea usiidharau, maana umesema unaingia ziwani wikiendi tu. Waulize jamaa wa dagaa. Wakati wa mbalamwezi kazi inasimama, kwa kuwa taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, na betri za taa zinawekwa pembeni vilevile zilivyotoka majini. Betri ya risasi ikikaa na chaji nusu inaota salfeti ngumu kwenye pleti, ukoko unaoipunguzia nafasi ya kuweka chaji. Giza likirudi unaiona inajaa upesi, unafurahi, na kabla ya usiku wa manane taa zimefifia. Ichaji siku ileile uliyotoka ziwani. Pima ikiwa imepumzika saa chache: 12.7V imejaa, 12.2V iko nusu.

Ukihamia lithiamu siku moja, hapo ndipo 50A ya muuzaji wako ingekuwa na maana, maana nyingi za 100Ah zinaikubali. Ila chaja iwe na mpangilio wa lithiamu, na ile hali ya kufufua betri iliyokufa iwe imezimwa, kwa sababu inapandisha volti juu mno. Sola inafaa pia, lakini paneli moja ya 100W hata siku ya jua kali haitakurudishia 50Ah zote. Jenereta ndogo sawa, mradi chaja uichomeke kwenye soketi ya 230V. Ule mdomo wake wa 12V hauna wa kuuambia betri imejaa.

Maji ya betri ongeza baada ya kuchaji, isipokuwa pleti ziko wazi. Chajia penye hewa, si ndani ya boti iliyofunikwa turubai, kwa sababu betri ikichaji inatoa haidrojeni. Zima ukutani kwanza ndipo utoe vibano. Cheche moja juu ya betri iliyokuwa inatokota inaweza kuipasua usoni kwako.

Weka picha ya lebo ya betri hapa kabla hujalipa. Umeiita ya maji, lakini kama haina vifuniko vya kufungua na pameandikwa GEL (ya jeli, si ya maji), usivuke 14.2V, na chaja niliyokuelekeza hapo juu itabidi iwe na swichi ya kuchagua hilo.